Baridi ya Makete ilivyoniumbua mimi na mkweche wangu

Kama kuna mtu aliniona Kariakoo juzi nimevaa sweta saa nane mchana, asidhani nimerukwa na akili. Nilikuwa nimetoka Makete, na mwili ulikuwa bado haujaamini kwamba nimerudi Dar.

Leo mtanisamehe, siongelei mapenzi wala nyumba ndogo kama mlivyozoea. Naongelea gari. Akina mama msigeuze ukurasa, maana aliyeumia katika kisa hiki ni mama, tena ni mama mkwe wangu.

Mnaonifahamu mnajua nina mkweche. Ni Hilux ya dizeli, ya siku nyingi, niliyoinunua kwa mtu ambaye naye aliinunua kwa mtu. Hapa Dar ukigusa swichi tu inanguruma. Nilikuwa nawacheka majirani wenye magari ya kompyuta, kila wiki wako gereji na lile pima-pima lao. Kumbe cheko langu lilikuwa la pwani.

Mama mkwe ni Mkinga wa Makete. Alikuja kwetu kutembea, kifua kikaanza kumbana. Tukamzungusha hospitali mbili tatu, nafuu inakuja, inaondoka. Siku moja jioni akaniambia, "Baba Neema, nipeleke Ikonda." Kwa asiyejua, Ikonda ni hospitali ya misheni iliyoko huko huko kwao Makete, na watu wanatoka Dar na mikoa mingine wanaifuata milimani. Sasa mama mkwe akikuomba jambo kwa kinywa chake mwenyewe, wewe mwanaume utajibu nini? Nikasema tunaondoka Jumamosi.

Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 800. Siku ya kwanza tukalala Iringa. Asubuhi gari likakohoa mara tatu, likatoa moshi mweupe kama wanafukiza mbu, ndipo likawaka. Nikajisemea ni uchovu. Mwezi wa saba ule, baridi ya Iringa si mchezo, lakini nilikuwa sijaona kitu.

Tulipopita Makambako kuelekea Njombe, mama mkwe akaanza kutetemeka. Amekaa kiti cha mbele, kajifunga blanketi mbili na khanga kichwani. Nikafungua hita ya ndani. Ikatoka hewa ya baridi kama feni ya dukani. Nikaipiga ngumi dashibodi, wapi. "Hita imekufa mama, tuvumilie kidogo." Naye si mtu wa kulalamika mbele ya mkwe. Akasema haya, akavuta blanketi. Kikohozi chake nilikisikia mpaka Njombe, na kutoka Njombe mpaka tunaingia Makete.

Na jambo la aibu ni hili. Wakati wote ule nilikuwa natazama mshale wa joto la injini. Umelala chini kabisa, haunyanyuki. Nikamwambia mama watoto kwa majivuno, "Unaona gari yangu? Mlima wote huu haichemki!" Ujinga mzigo, wallahi.

Tulifikia kwa dada yake mama mkwe, kijijini, kama kilomita 20 kutoka hospitali. Mpango ni kulala, alfajiri twende tukawahi foleni. Tulipokelewa vizuri. Ugali, maharage, viazi, chai ya moto. Yule mama mdogo, kwa huruma, akawa ameweka jiko la mkaa chumbani kwa mgonjwa ili apate joto, na dirisha limefungwa. Nashukuru mama watoto aliliona akalitoa. Nyie mnaokwenda nchi za baridi, hilo msicheze nalo. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa isiyo na harufu, na watu wanalala hawaamki.

Saa 10 usiku naamshwa. "Baba Neema, mama hapumui vizuri."

Nilimkuta kaketi kitandani, mikono imeshika magoti, anavuta pumzi kwa shida, midomo imepauka. Simu pale haishiki mpaka upande kilimani. Kulikuwa na kijana mwenye bodaboda jirani, lakini mgonjwa wa kifua utampandisha bodaboda kwenye baridi ile? Gari ndiyo lilikuwa tegemeo, na gari lilikuwa pale nje.

Nikatoka mbio. Kioo cha mbele kimefunikwa na kitu cheupe, nikadhani mtu kamwaga unga. Barafu! Majani yote uani meupe. Nikaingia, nikapiga stata.

Ng'weee... ng'weee... ng'we... tik.

Nikapumzisha, nikapiga tena. Ng'weee... tik. Injini inazunguka kizito kama inakoroga ugali wa watu 100. Nyuma moshi mweupe, hakuna moto. Mara ya tano ikabaki tik tupu. Betri imekata roho.

Hapo ndipo nilipojua maana ya kijasho chembamba kwenye barafu. Ndani namsikia mama mkwe anavuta pumzi, nje na mimi na funguo langu.

Vijana wakaja kama sita. Tukasukuma. Kuna mteremko mdogo mbele ya nyumba, nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi, gari likaburuza matairi kwenye majani yenye barafu, likasimama. Tukalirudisha juu kwa mikono, tukarudia. Moshi tu. Kijana mmoja akasema yeye ni fundi kidogo, akaleta kitambaa kimelowa petroli, anataka kukiweka kwenye mdomo wa bomba la hewa ili injini ivute ule mvuke. Nami kwa wazimu niliokuwa nao nikamwambia weka.

"Wewe! Toa hicho kitu!"

Nikageuka. Mzee mmoja kajifunika koti refu, tochi mkononi. Nikamwamkia shikamoo, hata hakuitikia, kaenda moja kwa moja kwa yule kijana. Baadaye niliambiwa huyo mzee aliendesha malori ya njia ya Zambia miaka na miaka, kabla wengi wetu hatujajua hata kupanda baiskeli. Akasema petroli kwenye injini ya dizeli inalipuka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Inaweza kupinda vyuma vya ndani, na mara nyingine moto unarudi nyuma ukakuunguza uso. Mwingine akapendekeza kuwasha moto wa kuni chini ya injini. Mzee akamtazama tu. Chini ya mkweche unaovuja oili na dizeli, uwashe kuni!

Akauliza maswali matatu, nayakumbuka mpaka leo. "Umeweka oili gani? Hita plagi zinafanya kazi? Kwenye rejeta kuna nini?"

La kwanza nikasema oili namba 40, nzito, nzuri kwa injini iliyochoka. La pili nikasema sijui. La tatu nikasema maji. Maji gani? Ya bomba. Mzee akaguna kwa Kikinga, sikuelewa, ila wale vijana walicheka.

Akagawa kazi. Akina mama wabandike maji kwenye masufuria makubwa. Kijana mmoja afungue koki ya chini ya rejeta amwage yale maji ya baridi. Mwingine akimbie ndani akalete betri ya sola. Sikuwa nimefikiria! Nyumba nyingi za vijijini siku hizi zina taa za sola, na betri yake kubwa ni ya volti 12 kama ya gari. Zikatafutwa waya nene za kubusti. Mzee akaunga mwenyewe. Chanya kwa chanya kwanza, kisha hasi ya betri ya sola, na ile ncha ya mwisho hakuigusisha kwenye betri yangu, aliibana kwenye chuma cha injini, mbali. Maana betri inatoa gesi inayowaka, na cheche ya mwisho ikirukia pale juu unaweza kupasukiwa na betri usoni.

Maji yalipopata moto wa kuoga, si ya kuchemka, wakayamimina taratibu kwenye rejeta. Ya kuchemka yanaweza kupasua chuma kilichoganda. Tambara likalowekwa kwenye maji ya moto, likakamuliwa, likavikwa bomba la kuingizia hewa juu ya injini. Likipoa linabadilishwa. Tukasubiri. Mpenzi msomaji, kusubiri kule sikutakii. Kila dakika naingia ndani kumtazama mama mkwe, natoka. Mama watoto hanisemeshi.

Mzee akaniambia nizime taa na redio, nikanyage klachi mpaka chini ili stata isibebe na uzito wa giaboksi, nipige.

Ng'we-ng'we-ng'we-ng'we... tuk... tuk-tuk... ikashika. Ikatetemeka yote kama ina degedege, ikatoa wingu jeupe, ikatulia. Nilitaka kumkumbatia mzee, lakini tayari alikuwa anafungua mlango ili mgonjwa apandishwe. "Nenda polepole kilomita za kwanza. Usiipige resi ikiwa baridi."

Toka nilipoamshwa mpaka gari linaondoka ilipita saa nzima na zaidi.

Hospitali wakampokea, wakamwekea oksijeni. Nesi akaniuliza, "Mmechelewa wapi na hali hii?" Nikamjibu njia mbaya. Mama watoto akanitazama. Hilo jibu ndilo linanifanya niandike leo, maana njia haikuwa na kosa lolote.

Walimlaza siku nne. Siku ya pili alipoanza kuongea na kuomba chai, nikapata moyo wa kulipeleka gari kwa fundi mmoja wa pale Makete, kijana mpole, mikono myeusi. Akafungua boneti, akainama dakika mbili, akainuka anatabasamu.

"Mzee, hii gari ya Dar."

"Umejuaje?"

"Wamekung'olea vitu vya baridi vyote."

Akanionyesha kimoja kimoja. Nami nawapa kama nilivyopewa, kwa lugha yetu ya kawaida.

Injini ya dizeli haina cheche kama ya petroli. Inabana hewa. Kwenye Hilux kama yangu hewa inabanwa mpaka inabaki sehemu moja ya 20 hivi, na ikibanwa hivyo inapata moto mkali, dizeli ikirushiwa pale inawaka yenyewe. Sasa chuma kikiwa na baridi kinainyonya ile joto kabla dizeli haijafika. Tena ukipanda mlimani hewa yenyewe inapungua. Kwenye mita 2,000 juu ya bahari msukumo wa hewa uko chini ya ule wa Dar kwa kama sehemu moja ya tano, kwa hiyo injini ina kidogo cha kubana. Ndiyo maana waliotengeneza gari wakaweka hita plagi, moja kwa kila pistoni. Ukifungua swichi bila kupiga stata, taa ndogo ya njano yenye alama ya waya uliosokotwa inawaka kwenye dashibodi, na kule ndani ncha za plagi zinakuwa nyekundu kama kaa. Taa ikizima ndipo unapiga stata.

Mimi taa hiyo sijawahi kuiona. Fundi akafuata waya, akakuta umekatwa na kuviringishwa gundi nyeusi. Akazipima plagi kwa balbu, waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye kichwa cha plagi. Balbu ikiwaka plagi nzima. Kati ya nne, moja tu iliwasha balbu.

Hapo nikakumbuka. Miaka miwili nyuma fundi wangu wa Dar alisema zile plagi zimekufa, nne mpya ni pesa kadhaa, akaniuliza, "Mzee, huku pwani kazi yake nini? Ona, inawaka bila hizo." Nikaona kweli. Nikasema kata.

Cha pili ni themostati. Hiki ni kidude kama kizibo, kinakaa kwenye njia ya maji ya kwenda rejeta. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji yanazunguka ndani kwa ndani yapate moto haraka. Yakifika kama nyuzi 80 kinafungua, maji yanakwenda rejeta kupozwa. Mafundi wetu wengi gari likichemka wanakitupa. Mimi gari lilinichemkia Kitonga safari moja ya Iringa, niliporudi likang'olewa siku hiyo hiyo, na kweli halikuchemka tena. Nikamsifu fundi, nikampa na ya soda.

Kumbe huko milimani maji yangu yalikuwa yanakimbilia rejeta tangu dakika ya kwanza, upepo wa Njombe unayapoza, injini haipati joto lake hata siku moja. Injini ya namna hiyo inakula mafuta, inachakaa, oili yake inakuwa uji. Na hita ya ndani, ndugu msomaji, haina moto wake. Inapashwa na maji yale yale ya injini. Yakiwa baridi inakupulizia baridi.

Kwa hiyo hita haikuwa imekufa. Mama mkwe alitetemeka kutoka Makambako mpaka kwao kwa sababu ya kizibo nilichoking'oa mwenyewe nikakishangilia. Na mshale niliokuwa najivunia kwamba haupandi ndio ulikuwa unaniambia hivyo njia nzima, kama ningejua kuusoma.

Nikamuuliza fundi nitaipata wapi themostati. Akasema Njombe. Kisha kama mzaha akauliza, ile ya zamani walikupa? Nikaenda chini ya kiti cha dereva, kuna kopo la Blue Band naweka spana. Ilikuwa mle, imefungwa na gazeti. Nimesafiri nayo kilomita 800 nimeikalia!

Tukaijaribu kwa sufuria. Unaining'iniza na uzi ndani ya maji, unabandika jikoni, unatazama. Kabla maji hayajachemka inatakiwa ifunguke yenyewe, ukiitoa ikapoa inafunga. Yangu ilifunguka vizuri kabisa. Ilikuwa nzima siku zote! Kilichochemsha gari Kitonga ni rejeta iliyojaa uchafu. Fundi alipoifungua na kuisukuma maji kinyume, yalitoka matope ya kahawia kama ya mto Ruvu wakati wa masika. Akanionya kwamba ukirudisha themostati bila kusafisha rejeta, utachemka tena na utairudia dhambi ile ile.

Nyie wenye vigari vya petroli vya kompyuta mnaocheka, ngojeni. Kompyuta inasoma joto la maji ili ijue imwage petroli kiasi gani. Ukimng'olea themostati, injini haipati joto lake vizuri, hasa usiku na njia ndefu, kompyuta inaamini gari ndiyo kwanza linaamka, inaendelea kumwaga. Unalalamika gari linakunywa, unabadilisha plagi, unamlaumu wa sheli. Mwenye kabureta ya zamani naye aangalie choki yake, wengi waya ulikatika zamani na hawana habari.

Oili ikamwagwa. Ile namba 40 tupu ikipoa inakuwa kama asali, stata inahangaika kuizungusha na oili yenyewe inachelewa kupanda juu ya injini. Nikawekewa 15W-40. Hiyo W ni ya baridi, maana yake ikiwa imepoa inakuwa nyepesi kama namba 15, ikipata moto inafanya kazi ya 40. Bei zimepishana kidogo sana, mimi nilikuwa nanunua 40 kwa mazoea tu.

Maji ya bomba yakabadilishwa na kulanti. Maji yakiganda yanatanuka kama sehemu 9 kwa 100, na kwenye injini hayana pa kutanukia, kwa hiyo yanapasua chuma. Kitulo huko juu maji yanaganda nje usiku wa mwezi wa sita na wa saba. Ungeliona bei ya bloku ungeiheshimu kulanti.

Betri ndiyo nilibishana naye kidogo, kwa sababu nilijua ni nzima. Akasema ni nzima ya Dar. Kwenye baridi ya kuganda maji betri inapoteza kama theluthi ya nguvu zake za kuzungusha stata, wakati huo huo injini iliyoganda inadai nguvu zaidi. Betri iliyochoka hapo ndipo inajulikana. Vichwa vyake vilikuwa na ukoga wa kijani, akavisugua kwa maji ya moto na magadi, akavipaka grisi. Betri mpya nimenunua, hilo nililikubali baada ya kukumbuka ile tik.

Nikamuuliza na habari ya kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, maana nimesikia madereva wanafanya hivyo kwenye baridi. Alicheka. Kwamba nta iliyomo kwenye dizeli inaweza kuganda ikaziba filta ni kweli, na nchi za Ulaya wanauza dizeli yao maalumu ya majira ya baridi. Lakini mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli, ukizidisha pampu inasagika, na pampu ya dizeli ukiambiwa bei yake utakaa chini. Tena kwetu hapa uchakachuaji ulizidi mpaka mwaka 2010 Serikali ikaanza kuweka alama maalumu kwenye mafuta, sasa wewe uchakachue tangi lako mwenyewe kwa mkono wako! Yeye anachoshauri ni kulaza gari na tangi lililojaa na kumwaga maji yaliyokaa chini ya filta, kwa sababu maji hayo ndiyo yanaganda kwanza. Na kulaza gari limeelekea mteremko, hilo wala si la kitaalamu.

Halafu asubuhi, akasema, msiliache linaunguruma nusu saa eti linapata joto. Dizeli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda. Dakika moja au mbili, liondoke taratibu, litapata joto kwa kutembea. Nikamwambia mzee wa malori alinieleza hivyo hivyo. "Yule mzee ndiye aliyenifundisha," akajibu.

Plagi zililetwa na basi kutoka Njombe. Asubuhi ya siku ya kuondoka nilifungua swichi, na kwa mara ya kwanza tangu ninunue gari lile nikaiona taa ya njano. Nikahesabu kama mtoto mpaka ikazima. Nikapiga stata, ikashika mara moja. Kulikuwa na barafu kwenye majani kama siku ile.

Fundi wangu wa Dar nimekwishaonana naye. Nilikwenda nimevimba. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akaniuliza taratibu, "Sasa mzee, uliniambia unakwenda Makete?" Sikuwa nimemwambia. Na alipoking'oa kile kizibo, ni yeye aliyekifunga gazeti akanipa, akasema kiweke, iko siku. Nimebaki mteja wake, ingawa sasa akitaka kukata waya wowote namuuliza mara tatu.

Mama mkwe tumerudi naye. Daktari alisema aendelee na dawa, na asikae kwenye baridi. Tulipotoka Makete nilimkalisha kiti kile kile cha mbele, blanketi zile zile mbili, khanga kichwani. Baada ya kilomita kadhaa mshale ukanyanyuka, ukapanda, ukasimama katikati. Nikafungua hita bila kusema neno. Upepo wa moto ukaja.

Karibu na Njombe akavua khanga ya kichwa. Njombe akakunja blanketi moja akaiweka miguuni. Makambako akaniomba niteremshe kioo kidogo. Kisha akakaa kimya, anatazama ile tundu inayopuliza moto, akasema kwa upole wake ule wa kikwe:

"Baba Neema, hivi hii gari ilikuwa na moto siku zote?"

Mama watoto kiti cha nyuma akakohoa. Mimi nikakaza macho barabarani, kulikuwa na lori mbele.